Kuvua na kulala ukingoni mwa Mto Pangani

SWALI: Ninaishi Handeni, nimezoea kuvua kwenye lambo la kijijini. Sasa nataka kwenda Korogwe kuvua Mto Pangani usiku. Nibebe zana gani, na kibanda nijenge wapi?

JIBU: Nianze na kibanda, maana hapo ndipo uhai wako ulipo. Pangani ina mamba na viboko. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, akirudia njia zake zile zile. Ukiona nyasi zimelazwa na nyayo pana kuelekea mtoni, hapo usijenge kabisa. Chagua mwinuko mbali na maji, na chandarua usikisahau. Wakati wa masika mto huweza kujaa ghafla hata kama Korogwe ni kukavu, kwa sababu maji yake hutoka mbali, Kilimanjaro na Meru.

Zana sasa. Kambale hutafuta chakula usiku, tena chini kabisa, kwa hiyo chukua mshipi mnene, ndoano kubwa, chubwi nzito ya kushindana na mkondo, na chambo chenye harufu, kama utumbo wa kuku. Perege mvue mchana kwa ndoano ndogo na minyoo. Usiingie majini kunasua ndoano; kata mshipi.

Nyavu za timba, yaani za uzi mmoja wa plastiki usiosokotwa, na sumu ni marufuku kisheria. Kabla hujaanza, ulizia leseni kwa ofisa uvuvi wa halmashauri. Na kwa mara ya kwanza, tafadhali nenda na mvuvi mwenyeji.