Wiski Mbili, Maji Sawa: Sayansi ya Kulinganisha Harufu

Katika chupa ya wiski ya Kiskoti yenye nguvu ya asilimia 40, sehemu kubwa kuliko zote ni maji. Inayofuata ni ethanoli, yaani pombe yenyewe. Maji hayana harufu, na ethanoli ya chupa hii haitofautiani hata kidogo na ya chupa ile: molekuli yake ina atomu mbili za kaboni, sita za hidrojeni na moja ya oksijeni, iwe ya kiwanda gani. Basi kila kinachomfanya mtu aseme hii ina moshi, ile ina ndizi, nyingine ina vanila, kimejibana katika sehemu isiyofika asilimia moja ya kinywaji. Anayelinganisha wiski mbili analinganisha sehemu hiyo ndogo, na ugumu wa kazi ni kuizuia ethanoli isimzibe pua kabla hajaifikia.

Tuone kwanza sehemu hiyo inatoka wapi. Kwa sheria, chupa yenye maneno “single malt” ni wiski ya kiwanda kimoja, iliyotengenezwa kwa kimea cha shayiri, maji na hamira, ikakenekwa kwa mafungu mtungini, kisha ikakaa ndani ya mapipa ya mwaloni huko huko Uskoti kwa muda usiopungua miaka 3.

Kimea ni nafaka iliyolowekwa ikachipua. Mpishi wa togwa hahitaji kufundishwa hilo. Mbegu inapochipua hutengeneza vimeng’enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Mche ukiachwa utaila sukari hiyo wenyewe, kwa hiyo hukaushwa kwa joto ili ukuaji usimame. Hapo ndipo njia zinapoachana mara ya kwanza, kwa sababu kila kitu kinategemea unakausha kwa moto wa nini. Kisiwani Islay, magharibi mwa Uskoti, miti ni haba na vinamasi ni vingi, na wenyeji walizoea kuchoma piti: mabaki ya mimea yaliyolundikana mahali penye maji na pasipo hewa ya kutosha, yakaoza nusu tu. Wanyarwanda wanaiita nyiramugengeri, nao huichoma kuzalisha umeme. Moshi wake umebeba fenoli za aina nyingi. Gwayakoli inanuka moshi, na kresoli zinanuka dawa ya kusafishia vidonda. Zote hung’ang’ania maganda ya nafaka yenye unyevu.

Viwanda hutangaza kiasi cha fenoli hizo kwa sehemu katika milioni moja, na mashabiki huishindania namba hiyo. Naiona namba dhaifu. Inapimwa kwenye kimea, si kwenye glasi, na fenoli nyingi hupotea njiani. Hamira ikishageuza sukari kuwa pombe, ikiongezea esta kama isoamili asetati yenye harufu ya ndizi mbivu, uji mwepesi unaopatikana, wenye pombe ya asilimia 8 hivi, huchemshwa katika mitungi ya shaba. Ethanoli huchemka kwenye nyuzi 78, maji kwenye nyuzi 100, na kila molekuli nyingine ina wakati wake wa kupanda na mvuke. Mkenekaji huweka kando cha mwanzo, huchukua cha katikati, huacha cha mwisho. Fenoli za moshi huja kwa wingi kuelekea mwisho. Kwa hiyo wakenekaji wawili wenye kimea kile kile, mmoja akikata mapema na mwingine akichelewa, watapata wiski mbili zenye moshi tofauti. Hata urefu wa shingo ya mtungi una neno lake: kwenye kiwanda cha Glenmorangie shingo zina mita 5.14, na mvuke mzito huishiwa nguvu na kurudi chini kabla ya kufika juu.

Kisha pipa. Mwaloni uliochomwa ndani huachia vanilini, inayotokana na lignini ya mti, pamoja na laktoni yenye harufu iliyo karibu na nazi. Sheria ya Marekani inataka wiski ya bourbon ikae kwenye mapipa mapya yaliyochomwa. Yakishatumika mara moja huuzwa, na mengi huishia Uskoti. Mengine yamewahi kubeba sheri, mvinyo wa Hispania. Rangi nayo hutoka kwenye pipa, lakini sheria ya wiski ya Kiskoti inaruhusu kuongeza rangi ya karameli, kwa hiyo kuukisia umri kwa macho ni kazi bure.

Sasa tuje kwenye pua. Ulimi unatambua tamu, chumvi, chungu, chachu na ile ladha nono ya mchuzi wa nyama. Mengine mengi tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kwa nyuma ya koo. Pua ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, na Linda Buck na Richard Axel walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kuvifungulia mlango. Ethanoli, mbali na harufu yake, inagusa pia kipokezi cha joto kinachoitwa TRPV1, kile kile kinachoguswa na pilipili. Kwa kawaida hicho hupiga kelele joto likizidi nyuzi 42 hivi. Ethanoli inakishusha hadi nyuzi 34 hivi, chini ya joto la mwili wako. Mdomo haujaungua hata kidogo. Kipokezi kimeanza kuliona joto la damu yako kuwa moto. Mtu aliye katika hali hiyo hawezi kupambanua ndizi na vanila.

Dawa yake ni maji, na hayaishii kupunguza ukali. Molekuli ya ethanoli ina upande unaoshikamana na maji na upande unaoyakwepa. Gwayakoli vilevile ina upande unaoyakwepa maji, kwa hiyo hupenda kukaa na ethanoli. Mwaka 2017, Björn Karlsson na Ran Friedman wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden waliiga mchanganyiko huo kwenye kompyuta. Ethanoli ilipozidi asilimia 59, molekuli zake ziliizingira gwayakoli na kuizamisha ndani. Ilipokuwa asilimia 45 au chini yake, ethanoli ilijikusanya juu, na gwayakoli ikaifuata. Uso wa kinywaji ndio mahali molekuli zinapong’okea kwenda puani. Huo ulikuwa mwigo wa molekuli moja ya harufu, na si kila molekuli itatii vivyo hivyo. Esta zenye minyororo mirefu, kwa mfano, hazipendi maji mengi. Hugandamana, na ndiyo maana baadhi ya wiski hufifia na kuwa na ukungu ukiziongezea maji.

Jambo linalofuata ndilo linalosahaulika zaidi. Ikiwa maji yanabadilisha kinachopanda puani, basi wiski mbili zenye nguvu tofauti hazilinganishwi mpaka zisawazishwe. Chukua Bunnahabhain ya miaka 12, yenye asilimia 46.3, na Caol Ila ya miaka 12, yenye asilimia 43, majirani wawili wa Islay. Mililita 25 za ya kwanza zina ethanoli mililita 11.6 hivi. Gawa kwa 0.30 upate 38.6: ukiongeza maji mililita 14 hivi, umefika asilimia 30. Caol Ila itahitaji 11 tu. Hapo utagundua kwamba Caol Ila ina moshi na Bunnahabhain kwa kawaida haina, ingawa bahari ni ile ile. Tofauti imetoka kwenye moto wa kukaushia kimea. Lakini mapipa yao pia yanatofautiana, kwa hiyo jaribio hili halijawa safi. Jozi bora zaidi ninayoijua inatoka Bruichladdich, kiwanda kingine cha Islay: Classic Laddie haina piti, Port Charlotte 10 kimea chake kina fenoli sehemu 40 katika milioni, na zote zina nguvu ya asilimia 50.

Ficha chupa. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti wa Bordeaux ambamo wanafunzi wa taaluma ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliiongoza pua, na lebo yenye jina kubwa itafanya hivyo hivyo. Mtu mwingine akumiminie glasi tatu, mbili za wiski moja na moja ya nyingine, nawe utafute iliyo peke yake. Rudia mara tisa. Anayebahatisha hupata, kwa wastani, mara 3 kati ya 9. Ukipata 6 au zaidi, sadfa ingekupa matokeo hayo chini ya mara 5 kati ya 100, na hapo una haki ya kusema umeona tofauti. Ukipata 3, usiilipie chupa ghali.

Usitie barafu, maana baridi huzuia molekuli kuruka. Nje ya jaribio hilo la kuficha, yenye moshi ije mwisho, kwa sababu pua ikiizoea fenoli huacha kuiona. Wala huhitaji kumeza. Mililita 25 za asilimia 40 zina gramu 8 za pombe tupu, na jaribio la glasi tatu kurudiwa mara tisa ni pombe nyingi mno kwa mtu yeyote. Wachanganyaji wakuu wa viwandani hufanya sehemu kubwa ya kazi yao kwa kunusa, wiski ikiwa imepunguzwa hadi asilimia 20 hivi. Fanya kama wao.