Ninavyoipima Orodha ya Mvinyo Kwenye Mgahawa wa Steki

Nikikaa kwenye mgahawa wa steki hapa Lubbock, Texas Magharibi, kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye orodha ya mvinyo ni chupa ya bei ya chini kuliko zote. Chupa za dola 400 hazinipi habari yoyote. Mwenye mgahawa aliye na mtaji huzipata kwa simu moja tu, maana majina yake yanajulikana na wasambazaji wanapenda kuziuza. Chupa ya dola 38 inahitaji jasho: ni lazima mtu awe ameonja nyingi, akazikataa nyingi, akaibakiza moja inayofaa kuwekwa mbele ya mgeni asiyekuja kutapanya fedha. Nikikuta chupa tatu nne za chini zina jina la mtengenezaji, zina mwaka wa mavuno, na kila moja imetoka pembe yake ya dunia, natulia. Humu ndani yupo mtu anayejali. Nikikuta zote ni za kampuni moja kubwa, zile zile za kwenye rafu za supamaketi, naamini orodha imepangwa na msambazaji na mgahawa umekubali tu.

Naandika haya kwa ajili ya ndugu na marafiki wanaokuja kututembelea kutoka Dar es Salaam na Nairobi. Wote hutaka kula steki ya Texas, na kwa upande wa nyama hawahitaji kufundishwa na mtu, maana wamekulia kwenye nyama choma. Kinachowatia wasiwasi ni lile kabrasha la ngozi analolileta mhudumu. Wengi hulifungua, hulifunga, na kuagiza bia. Nawasihi walifungue tena.

Anza na nyama, kisha ndipo uisome orodha. Mvinyo mwekundu una ukakasi, ule ule unaoukausha ulimi ukila bibo la mkorosho. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na kiasi kwenye mapipa ya mwaloni. Ukikutana na protini na mafuta ya nyama hulainika, na chumvi ya juu ya steki hupunguza uchungu uliobaki. Ndiyo sababu steki ya mbavuni, ambayo mafuta yake yamepenya ndani ya nyama yenyewe, huibeba Cabernet Sauvignon nzito bila taabu. Sarara ni habari nyingine. Ni laini, mafuta yake machache, na mvinyo mzito huifunika kabisa. Nikila sarara naagiza Pinot Noir au Sangiovese. Steki iliyopakwa pilipili manga kwa wingi nayo haielewani na mvinyo wenye kileo cha asilimia 15, kwa kuwa kileo huuzidisha moto mdomoni. Hapo natafuta wenye asilimia 13, na kama orodha haitaji kiasi cha kileo, naomba kuiona lebo.

Kwa hiyo orodha nzuri ya mgahawa wa steki ina mivinyo mizito, ya kati na mepesi, kwa sababu jiko lenyewe lina nyama za namna zote. Orodha nyingi za Marekani hazina. Utakuta kurasa na kurasa za Cabernet ya bonde la Napa. Chanzo chake kwa sehemu ni shindano la Paris la mwaka 1976, pale Mwingereza Steven Spurrier alipowaita waonjaji wa Kifaransa waonje bila kuona lebo, na mvinyo wa Stag's Leap Wine Cellars ya Napa wa mavuno ya 1973 ukazipita Bordeaux maarufu. Tangu hapo heshima ya Napa imepanda, bei zikaifuata, na migahawa ya steki ikaifanya Cabernet ya huko kuwa mfalme wa meza. Mimi naipenda pia. Lakini Cabernet ishirini za bonde moja ni chaguo moja lililorudiwa mara ishirini. Namhesabia alama mpangaji aliyeweka Malbec ya Mendoza, Syrah ya Rhône, na zaidi ya zote Gran Reserva ya Rioja. Kwa sheria za Rioja, mvinyo mwekundu wa daraja hilo hukaa miaka mitano kabla ya kuuzwa, miwili kati ya hiyo kwenye pipa. Mtengenezaji amekutunzia, na mara nyingi bei yake bado iko chini ya Napa iliyovunwa juzi.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni ule wa mvinyo wa hapa hapa. Eneo la Texas High Plains, linaloizunguka Lubbock, lilitambuliwa rasmi kama eneo la mvinyo mwaka 1993, na sehemu kubwa ya zabibu za jimbo hili hutoka humo. Mtu wa Dodoma ataielewa nchi hii bila maelezo mengi: kavu, yenye jua kali, iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku hupoa kiasi cha kuufanya mvinyo ubaki na uchachu wake. Kiwanda cha Llano Estacado kilianzishwa hapa mwaka 1976, na McPherson Cellars imo katikati ya jiji, ndani ya jengo la zamani la kujazia soda. Tempranillo, Mourvèdre na Tannat zinaikubali ardhi hii sana. Adui ni baridi ya ghafla ya majira ya kuchipua, na mvua ya mawe.

Tena mji huu una deni kwa migahawa yake. Hadi wapiga kura walipobadilisha mambo mwaka 2009, maduka ya ndani ya mji hayakuruhusiwa kuuza chupa za kwenda nazo nyumbani. Wengi waliujua mvinyo kwa kuunywa mezani, mbele ya sahani ya nyama. Na Texas ina haki ya kujivuna kwa lingine. T. V. Munson wa mji wa Denison ndiye mmoja wa waliowapelekea Wafaransa mashina ya mizabibu ya Kimarekani yanayovumilia mdudu filoksera, aliyekuwa anaiangamiza mizabibu yao, na mwaka 1888 Ufaransa ikamtunuku nishani. Mgahawa wa steki wa Texas usiokuwa na chupa hata moja ya nyumbani unanisikitisha kweli. Ila soma lebo. Neno Texas kwenye lebo kama mahali pa asili maana yake angalau asilimia 75 ya zabibu zimetoka jimboni. Ukiona imeandikwa American tu, zabibu zaweza kuwa za California, hata kama picha ni ya ng'ombe wa pembe ndefu.

Kwenye bei natumia simu. Nachagua chupa moja ya katikati ya orodha, naitafuta bei yake ya dukani, nalinganisha. Mara mbili ya bei ya duka naikubali: kuna glasi, kuna mhudumu, kuna kodi ya jengo. Mara tatu nahama ukurasa. Kwa glasi, hesabu yake ni nyepesi. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano za kawaida, na migahawa mingi hutoza glasi moja bei inayokaribia ile waliyoinunulia chupa nzima kwa jumla. Mkiwa wawili na kila mtu atakunywa glasi mbili, agizeni chupa. Ukitaka glasi moja tu, uliza chupa ilifunguliwa lini. Iliyofunguliwa jana yake yaweza kuwa salama. Iliyokaa siku nne bila gesi ya kuilinda hupoteza harufu ya matunda na kuanza kunukia siki.

Usidanganywe na tuzo ya ukutani. Jarida la Wine Spectator limekuwa likizitunuku orodha za migahawa tangu 1981, na mwaka 2008 mwandishi Robin Goldstein alifichua kwamba amepata tuzo hiyo kwa mgahawa wa Milan ambao haukuwahi kuwepo. Alilipa ada, akatuma orodha. Tuzo husifu karatasi. Haijaonja kilichomo kwenye glasi yako.

Badala yake tazama chupa zinakaa wapi. Zikipangwa ukutani karibu na jiko la kuchomea, kwenye joto la kiangazi cha Texas, hakuna orodha itakayoziokoa. Mvinyo mwekundu mzito hupendeza kwenye nyuzi 16 hadi 18. Ukiletewa chupa yenye joto, omba ndoo ya maji na barafu, iache humo dakika kumi. Mhudumu mzuri hatashangaa.

Na huyo mhudumu muulize swali moja: kati ya zilizo chini ya dola 60, wewe ungekunywa ipi na steki hii niliyoagiza? Akitaja moja na kukupa sababu, hata sababu fupi, ichukue. Akikuonyesha ya dola 110, rudi kwenye zile za chini ulizozikagua mwenyewe.

Chupa ikifika, soma lebo kabla kizibo hakijatolewa: jina, aina, mwaka. Mwaka ukitofautiana na ulioandikwa kwenye orodha, una haki ya kuikataa au kuuliza bei upya. Ukimiminiwa kidogo uonje, kazi yako ni kutafuta ubovu, hasa harufu ya kadibodi iliyolowa inayoletwa na kizibo kibovu. Ukiikuta, sema bila aibu, wakuletee nyingine. Ikiwa nzima, mwombe mhudumu amimine theluthi ya glasi tu, ili harufu ipate nafasi na chupa iendelee kukaa kwenye ubaridi wake wakati nyama inakuja.