Kibudu Hakichunwi

Kijitabu cha kaya kuhusu kuchuna na kusafisha nyama ya porini

Kabla ya yote

Mnyama uliyemkuta amekufa, usimchune.

Ukiishia hapo ukafunga kijitabu, utakuwa umepata lililo kubwa kuliko yote yaliyobaki. Nimekuwa bwana afya kwa miaka mingi, na kila mwaka napokea wagonjwa wale wale, wenye vidonda vile vile, wakinisimulia hadithi ile ile: "Nilimkuta porini ameshakufa, nikaona nyama isipotee." Nimechoka kuisikia.

Nani asome

Nimewaandikia hasa watu wa kusini, Lindi na Mtwara, ambako panya buku, ndezi, sungura, kanga na kwale ni kitoweo kama samaki walivyo kitoweo kwingine. Sikuja kubishana na mboga ya mtu. Huko Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Wa kwetu huishia sufuriani. Kila mmoja na riziki yake.

Ila jambo moja si la mezani kwangu na ni lazima ulijue: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka uwe na kibali kabla ya kuwinda. Muulize afisa wanyamapori wa wilaya yako. Mimi naanzia pale mnyama anapofika nyumbani.

Kibudu ni kipi?

Ni mnyama aliyekufa bila kisu cha mtu. Aliyelala njiani asubuhi, aliyekutwa chini ya mkorosho, aliyeletwa na mbwa mdomoni akiwa ameshakauka. Hata yule aliyekufa kwenye mtego uliolala siku mbili bila kukaguliwa ni kibudu, ingawa mtego ni wako na tanzi ulifunga mwenyewe.

Waliopita madrasa walifundishwa mapema kwamba nyamafu ni haramu, na hao hawanisumbui sana. Wengine wote, naomba ugonjwa uwatoshe kuwa sababu.

Visingizio ninavyovisikia

"Bado alikuwa wa moto." Joto linakuambia amekufa punde. Halikuambii amekufa kwa nini.

"Tutamchemsha sana." Sufuria inakuja mwisho. Kabla ya sufuria kuna mikono yako iliyoshika damu, kisu, kibao, mtoto aliyeshika mkia, na kuku waliodonoa utumbo. Tena vimelea vya kimeta ni vigumu, maji yanayochemka jikoni si ya kuyaamini. Na kama mnyama alikula sumu ya shambani, hata ukeshe unachemsha, sumu ipo.

"Amegongwa na gari." Ulimwona akigongwa? Mnyama mzima hukimbia gari. Anayeshindwa kukimbia huenda alikuwa mgonjwa tangu jana. Na hata kama alikuwa mzima, tumbo limeshapasukia ndani na kinyesi kimeenea kwenye nyama.

"Babu alikula akaishi miaka themanini." Walioishi ndio wanaosimulia. Waliokufa hatukuwauliza.

"Ni ngozi tu naitaka, nyama nitatupa." Hapo ndipo hasa ninapopiga kelele. Huhitaji kumla ndipo uugue. Kumchuna kunatosha. Kibudu hakiliwi, hakichunwi, hakipasuliwi.

Kagua mtego

Asubuhi na jioni, kila siku. Mnyama wa kula ni yule uliyemkuta hai, mwenye nguvu, anayehangaika kutoroka, ukamchinja mwenyewe. Ukimkuta ameshakufa, ni kibudu. Ukimkuta hai lakini amelegea, anatoa udenda, manyoya yamesimama, anaharisha, au hakuogopi hata kidogo, usimle. Mnyama wa porini asiyemwogopa binadamu ana tatizo, na tatizo mojawapo ni kichaa cha mbwa. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usipake mafuta ya taa, usipake majivu, usifunge kitambaa cha jikoni.

Kimeta

Huu ndio ugonjwa unaoninyima usingizi, hivyo nivumilie.

Kimeta huua ng'ombe, mbuzi, swala, digidigi na wengine wanaokula majani. Mwishoni mwa 2016 wanyamapori walikufa Selela, wilayani Monduli, na watu wakaugua. Usijidanganye kwamba ni mambo ya Umasaini. Popote palipo na mifugo na pori, kimeta kinaweza kutokea.

Mnyama aliyekufa kwa kimeta mara nyingi huvimba tumbo upesi, mwili haukakamai kama mizoga mingine, na damu nyeusi isiyoganda hutoka puani, mdomoni na kwenye njia ya haja. Ukiona hayo, rudi nyuma. Usimguse, usimburute, usimpasue uone ndani. Ukimpasua unamwaga ugonjwa ardhini, na vimelea vyake hukaa kwenye udongo kwa miaka mingi sana. Watoto wako watalima hapo. Mbuzi wako watachungwa hapo. Zuia mbwa na fisi kwa kumfunika kwa miiba, kisha mwite mtaalamu wa mifugo wa kata. Kumzika au kumchoma ni kazi ya kusimamiwa naye, si ya kukisia.

Lakini usije ukasema, "Huyu hana damu puani, basi ni salama." Vipo vibudu visivyoonyesha dalili yoyote. Ndiyo maana sikufundishi kutambua kibudu kizuri na kibaya. Kizuri hakuna.

Kwa mtu, kimeta cha ngozi huanza kama upele unaowasha, baada ya siku chache tangu kugusa mzoga. Upele unakuwa lengelenge, kisha kidonda chenye kitovu cheusi, na pembeni panavimba. Hakiumi sana. Hapo ndipo kinapowaponza watu, kwa kuwa asiyesikia maumivu haendi hospitali. Nilimkuta mzee mmoja ameketi kibarazani kwake, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, ananiambia kwa utulivu kabisa kwamba ni jipu. Siku nne kabla alichuna mbuzi wa jirani aliyekutwa amekufa. Alipona, kwa sababu dawa zipo na zinafanya kazi ukiwahi. Ukichelewa, au ukiwa umekula ile nyama, mambo ni mengine.

Ukifika kituoni, usiseme tu "nina kidonda." Sema ulichuna nini, lini, na mlikula wangapi.

Homa ya mgunda

Julai 2022, Ruangwa, watu 20 waliripotiwa kuugua na 3 wakafariki. Watu walitokwa damu puani, wakaumwa kichwa, wakachoka mwili mzima, na minong'ono ikawa mingi kuliko maelezo. Ulikuwa ugonjwa unaotoka kwenye mkojo wa wanyama, na panya ni wabebaji wakubwa.

Kwa mchunaji, maana yake ni hii: adui yako mkubwa ndani ya panya buku ni kibofu na figo. Mkojo ukiingia kwenye mkwaruzo wa mkononi au ukikurukia machoni, umeingia. Homa, kichwa, maumivu ya misuli hasa ya miguu, macho mekundu au ya njano baada ya kuchuna panya: nenda kituoni, usinunue dawa ya malaria dukani ukarudi kulala.

Panya waliokufa ndani ya nyumba

Hawa wana sura mbili za hatari. Ya kwanza ni sumu: jirani ametega, panya amekula, amekuja kufia kwako. Ya pili ni tauni. Wilaya ya Lushoto ilipambana na tauni kuanzia 1980 na ikachukua zaidi ya miaka ishirini. Panya akifa na kupoa, viroboto wake humhama kutafuta damu yenye joto, na yenye joto iliyo karibu ni yako. Kwa hiyo usimwokote kwa mkono, usimshike mkia, usimpe mtoto akamtupe. Tumia koleo au jembe, mmwagie maji ya moto, mzike. Wakifa wengi kwa pamoja, toa taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji siku hiyo hiyo. Na homa kali yenye uvimbe wa mitoki kinenani au kwapani haingoji kesho.

Naona kuna anayeuliza kama panya aliyekufa ndani anaweza kuliwa akiwa mnene. Kibudu hakichunwi.

Popo, nyani na tumbili

Usiwashike, wakiwa hai wala wakiwa wamekufa, wala usiwapike.

Sasa, yule uliyemkuta hai

Umemchinja mwenyewe, alikuwa mzima. Kabla hujamchuna, tazama mikono yako. Una mchubuko, kucha iliyong'oka, kidonda cha panga? Mpe mwingine kazi. Mjamzito asichune. Mtoto asichune, wala asisimame karibu kuangalia. Vaa glavu za mpira, zinauzwa duka la dawa. Huna, basi vaa mfuko wa nailoni usiotoboka kila mkono, uufunge kifundoni.

Chagua mahali mbali na kisima, mbali na jiko, pasipofikiwa na kuku na mbwa. Mninginize mnyama kwenye tawi kwa miguu ya nyuma, au mlaze juu ya majani mapana ya mgomba utakayoyazika baadaye. Panya na sungura wana viroboto na kupe, kwa hiyo mchovye kwanza kwenye ndoo ya maji yaliyochemka, au mbabue manyoya kwenye moto kama wafanyavyo wengi kwetu. Hiyo desturi ya kubabua ni nzuri, iendelee.

Kisu kiwe kikali. Kisu butu ndicho kinachokata vidole. Na kisu mahali pake ni mkononi au kwenye jani, si kwenye meno. Nimeona wachunaji hodari kabisa wanaokibana kisu mdomoni wakati mikono miwili inavuta ngozi. Nimeona wanaopuliza hewa chini ya ngozi kwa mdomo ili iachie. Nimeona wanaovuta sigara, wanaobugia ugoro na wanaopokea simu kwa vidole vyenye damu. Mdomo wako uwe mbali na kazi hii mpaka nyama iive.

Pasua ngozi kutoka miguu ya nyuma, ivute kuelekea kichwani kama unavua fulana iliyolowa. Tumbo lipasue kwa mkato mdogo usio wa kina, makali ya kisu yakitazama juu, vidole viwili chini yake vikisukuma utumbo ndani. Usitoboe utumbo. Usitoboe kibofu. Usitoboe nyongo. Kikipasuka kimojawapo, kata nyama yote iliyoloa uizike, usiioshe ukajifariji.

Kisha tazama ini. Ini zima ni la rangi moja, laini, linang'aa. Likiwa na madoa meupe, vijipu, au kama limeoza upande, mnyama wote anazikwa, si ini peke yake. Vivyo hivyo kwa mapafu yenye usaha. Najua inauma kuzika nyama baada ya kutembea usiku kucha. Zika.

Aliyepigwa kwa gobore ukamwahi kumchinja akiwa hai, kata nyama yote iliyozunguka tundu na utafute vipande vya risasi kimoja kimoja. Risasi ni madini yenye sumu, na watoto hutafuna bila kuangalia.

Kibofu si puto la mtoto. Mkia si mchezo.

Taka

Ngozi, utumbo, kichwa na majani yenye damu vifukie shimo linalofika kiunoni, juu weka mawe. Mbwa akifukua, umefanya kazi bure.

Mikono

Sabuni na maji. Hakuna sabuni, majivu na maji. Hadi kwenye viwiko, chini ya kucha, kabla ya kushika kitu kingine chochote, pamoja na mlango. Kisu na kibao vioshwe kwa sabuni na kumwagiwa maji ya moto kabla ya kukata kachumbari.

Kupika

Nyama ya porini ni ya kuiva, haina nusu. Chemsha mpaka iachane na mfupa na pasibaki wekundu. Ukitaka kuchoma, chemsha kwanza. Usionje ikiwa mbichi, usimpe mtoto kipande "cha kumtuliza" kabla sufuria haijaiva. Joto letu la pwani haliihifadhi nyama: usiyoipika leo, ikaushe kwa moshi leo.

Ndege waliokufa pamoja

Kanga au kwale watano wamelala shambani, hawana jeraha: hiyo ni sumu au ni ugonjwa. Wapo wanaotega kwa sumu ya shambani kwenye punje au kwenye maji, kisha wanauza nyama barabarani. Aliyekula huanza kutokwa jasho na mate mengi, kutapika, kuona kiza. Mkimbize hospitali, na mpeleke aliyemuuzia kwa mwenyekiti wa kijiji. Usinunue nyama ambayo hukuona ikichinjwa, isipokuwa kwenye bucha iliyosajiliwa.

Kwa yule aliyeruka kurasa zote

Mnyama uliyemkuta amekufa, usimchune. Si kwa sababu ya ngozi, si kwa sababu ya njaa, si kwa sababu jirani ameshachukua paja. Kama ameshachunwa na mmeshakula, msifiche kwa kuogopa aibu au kuogopa sheria: njooni zahanati leo, wote mliogusa, hata asiyeumwa. Simu ya Wizara ya Afya ni 199, haina malipo.

Kijitabu kikae jikoni. Kikilowa damu, kichome. Kingine kipo zahanati, bure.