Fensi ya Stima: Sikilizeni Mashine Kabla ya Kumwita Fundi

Mnaolima karibu na msitu mnajua hasara ya ndovu: mahindi ya msimu mzima huisha usiku mmoja. Ua wa Aberdare ulianza kujengwa 1989, ukakamilika 2009, nao una urefu wa kama kilomita 400. Hata ua mrefu namna hiyo hutegemea mashine ndogo zinazotoa umeme mkali. Tuangalie zinavyofanya kazi.

Mashine nyingi hutumia betri ya volti 12 inayochajiwa na sola. Ndani yake umeme hupandishwa hadi volti mia kadhaa na kuwekwa kwenye kapasita, kama mtungi unaojazwa polepole. Ukijaa hufunguliwa ghafla, na transfoma huupandisha tena hadi volti 5,000 na zaidi. Hapo ndio mnasikia "tik", mara moja kila sekunde hivi. Pigo lenyewe halimalizi hata sehemu moja ya mia ya sekunde, kwa hivyo mnyama hushtuka na kuruka nyuma akiwa mzima. Kufunga waya moja kwa moja kwenye stima ya nyumba ni jambo lingine kabisa. Stima hiyo haipumziki. Humshika mtu hadi afe. Msijaribu, hata kwa usiku mmoja.

Mashine ikiwa na shida husema. Taa na mlio vikipotea, anzeni na betri: pengine imeisha, ama vichwa vyake vina kutu. Mlio ukiwepo lakini waya unapima volti 2,000 tu, zimeni, ondoeni waya wa fensi, kisha muwashe na kupima mashine peke yake. Kipimo kikipanda, mashine ni nzima. Shida iko nje: majani yamegusa waya, au insuleta imepasuka. Tembeeni mchana kukiwa kimya. Posti inayolia "tik" ndiyo yenye ubaya.

Wengi husahau athi. Pigo likipita mwilini mwa ndovu hurudi kwa mashine kupitia udongo na vile vyuma vilivyopigwa ardhini. Kiangazi udongo mkavu haupitishi vizuri, ndio maana waya unapima sawa na ndovu bado anaingia. Ongezeni vyuma, vishuke chini sana mahali penye unyevu. (Hata maji ya kuogea yakimwagwa hapo, yanasaidia.)

Zimeni mashine kabla ya kushika waya. Kasha lake msifungue, kwa maana kapasita inaweza kubaki na umeme hata baada ya kuzimwa. Hiyo sasa ni kazi ya fundi.