Siyo Kila Homa ni Malaria

Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha Kimamba, kijana wa mama mwenye nyumba wangu, anayetumia dawa za ugonjwa wa akili, alishikwa na homa na koo likawa linamuuma. Wote tukasema malaria hiyo. Alipopimwa, hana. Tukampa panadoli alale.

Wanachuo wenzangu, hapo tulikosea. Baadhi ya dawa hizo, hasa klozapini, na mara chache klopromazini, zinaweza kushusha chembechembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Zile zinazoitwa nyutrofili zikishuka chini ya 500 kwa mikrolita, hata maambukizi ya koo yanaweza kuua. Mwaka 1975 huko Ufini, watu 8 waliotumia klozapini walifariki hivyo. Marekani ilipoiidhinisha mwaka 1989, iliweka sharti: damu ipimwe kila wiki.

Kwa hiyo, mgonjwa wa namna hii akipata homa, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Malaria ipimwe, lakini tajeni dawa anazotumia na ombeni picha kamili ya damu. Dawa msiikatishe wenyewe; daktari ndiye aamue.

Kesho yake tulimpeleka Kilosa, damu ikaonekana iko sawa. Tulibahatika tu.