Mkono na Sikio: Umri wa Kuingia Shule

Wazee wengi wa Afrika ya Mashariki wakumbuka jinsi walivyopokelewa shuleni. Mtoto aliamriwa apitishe mkono wa kuume juu ya utosi. Akigusa sikio la kushoto aliandikwa, asipogusa alirudishwa nyumbani hata mwaka wa pili.

Kipimo hicho si upuzi. Mtoto azaliwapo, kichwa chake ni kama robo ya urefu wa mwili. Kwa mtu mzima ni kama sehemu moja katika nane. Mikono hukawia kurefuka, na kwa wengi hufika sikioni wapatapo miaka 6 au 7. Lakini hupima mifupa, hakihesabu miaka. Mtoto wa miaka 8 aliyedumaa kwa njaa huweza kushindwa, na mrefu wa miaka 5 akapita. Twaona yule wa kwanza alidhulumiwa mara mbili.

Afadhali mwalimu atazame mengine: je, mtoto ajua kutaja jina lake, kwenda chooni peke yake, kusikiliza hadithi hata mwisho?

Na wazazi twawasihi wachukue cheti cha kuzaliwa mapema, na kuitunza kadi ya kliniki. Kusema “alizaliwa mwaka wa mvua nyingi” hakumsaidii mwalimu. Miaka ya mvua nyingi ni mingi.