Mushi: Mdudu, Pepo au Kitu? Suala la Upatanisho katika Kufasiri *Mushishi*

Mfululizo wa katuni za Kijapani uitwao *Mushishi*, wenye sehemu 26, ulianza kuonyeshwa mwaka 2005 chini ya uongozaji wa Hiroshi Nagahama. Chimbuko lake ni hadithi za picha za Yuki Urushibara, zilizochapishwa kati ya 1999 na 2008. Umesifiwa sana kwa mandhari yake: milima yenye ukungu, misitu iliyokoza kijani, na ukimya mrefu baina ya maneno. Makala haya yanawaachia wajuzi wa sanaa jambo hilo, na yanashughulikia swali moja la kisarufi ambalo mfasiri wa Kiswahili hawezi kulikwepa.

*Mushi* katika Kijapani cha kila siku ni mdudu. Hata hivyo, neno hilo hutumika pia kwa mambo ya ndani ya mtu: anayehisi balaa kabla haijatokea husemwa kuwa amearifiwa na *mushi*, na hasira nayo ina *mushi* wake tumboni. Urushibara ameliandika kwa herufi ya kale ambamo alama ya mdudu imerudiwa mara tatu, akalifanya jina la viumbe visivyo mnyama wala mmea, vinavyokaa karibu na chimbuko la uhai na kuonwa na watu wachache tu.

Fasiri ya kwanza inayokuja akilini ni *pepo*. Haifai. Pepo wa pwani ya Afrika Mashariki ana jina na kabila, hudai ngoma, na mganga hupatana naye. Ginko, mganga wa *mushi*, hana wa kupatana naye. Hutibu, huhamisha, na mara nyingine hushindwa. *Kidudu* linavutia zaidi, kwa kuwa vidudu ni vya maradhi pia. Ila udogo umo ndani ya neno lenyewe, na katika sehemu mojawapo kinamasi kizima husafiri. Nani atakiita kidudu asichekwe?

Linalobaki ni kulikopa neno. Kwa kanuni, nomino ya kiumbe hai, hata ikiwa ya mkopo, huchukua upatanisho wa ngeli ya M-WA. Katika sehemu ya tatu, kwenye kijiji cha theluji, *mushi* iitwayo Un, mfano wa konokono, huingia sikioni na kula sauti. Ginko huitoa kwa maji ya chumvi. Mfasiri akiandika "Un amekula sauti", amekwisha kumtaja mkosaji. Akiandika "Un imekula sauti", sentensi yake inakaa pamoja na "kutu imekula bati" na "maji yamekula ukuta": madhara yapo, nia haipo.

Katika kijiji hichohicho yumo Maho, mtoto aliyefiwa na mama yake kwa *mushi* nyingine, ambayo hula kimya. Mhariri mwenye bidii akisahihisha *i-* kuwa *a-*, atakuwa amempa mtoto huyo adui.